Norbert Wiener: Mtaalamu wa hisabati aliyekataa kutoa karatasi zake

Mwishoni mwa mwaka 1946 barua ilimfikia profesa mmoja wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, nchini Marekani. Ilitoka kwa mtaalamu wa kampuni kubwa ya kuunda ndege, naye aliomba jambo dogo tu: nakala ya taarifa ya hisabati ambayo profesa huyo alikuwa ameiandika wakati wa vita, na ambayo sasa ilikuwa haipatikani tena kwa urahisi. Mtaalamu yule aliihitaji kwa ajili ya kazi ya makombora yanayojiongoza yenyewe hadi kwenye shabaha.

Katika desturi ya wasomi, ombi la namna hii hutimizwa bila maneno mengi. Karatasi hutiwa ndani ya bahasha, salamu huambatanishwa, na mambo huishia hapo. Lakini Profesa Norbert Wiener alikaa kitako akaandika jibu la kukataa. Tena hakuridhika na kumjibu mtu mmoja. Barua yake ya kukataa aliitoa ichapishwe katika jarida la Atlantic Monthly, nayo ikatokea katika toleo la Januari 1947, ili wataalamu wote waisome na kila mmoja ajiulize moyoni mwake.

Karatasi zilizoombwa hazikuwa bomu wala bunduki. Zilikuwa hesabu tupu. Basi kwa nini mtu wa hesabu akatae kutoa hesabu zake? Jibu la swali hilo limo katika maisha yake mwenyewe, na leo, wakati kompyuta imeingia ofisini, benki, hospitalini na hata mfukoni mwa mkulima, yafaa maisha hayo yasimuliwe upya.

MTOTO ALIYEFUNZWA NA BABA

Norbert Wiener alizaliwa tarehe 26 Novemba 1894 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri. Baba yake, Leo Wiener, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Białystok, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Urusi na ambao leo umo katika Poland. Leo alifika Marekani akiwa kijana asiye na mali, akafanya kazi za kila aina, na hatimaye kipaji chake cha lugha kikampandisha hadi kuwa mwalimu wa lugha za Kislavoni katika Chuo Kikuu cha Harvard. Ni yeye aliyefasiri maandiko ya Tolstoy kwa Kiingereza katika mabuku 24.

Mzee huyo aliamua kumfundisha mwanawe mwenyewe nyumbani. Mafunzo yalikuwa makali. Mtoto alipokosea hesabu, sauti ya upole ya baba iligeuka ghafla kuwa ya mkaripiaji, na somo mara nyingi liliishia kwa machozi. Alipokuwa na umri wa miaka 8 macho yake yalidhoofika hata daktari akamkataza kusoma kwa muda wa miezi 6. Masomo hayakusimama. Mtoto alisomewa kwa sauti, naye akajizoeza kufanya hesabu kichwani bila kalamu wala karatasi, mazoea yaliyomfaa maisha yake yote.

Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 11. Mwaka 1909, akiwa na miaka 14, alipata shahada ya kwanza ya hisabati katika Chuo cha Tufts. Na mwaka 1913, akiwa na miaka 18, Harvard ilimpa shahada ya udaktari. Magazeti yalimwandika sana kijana huyo wa ajabu. Lakini baba yake alitangaza hadharani kwamba mwanawe hakuwa na kipaji chochote cha pekee, na kwamba mafanikio yote yalitokana na malezi aliyompa. Kijana aliyasoma maneno hayo kwa uchungu. Ikiwa alifaulu, sifa ilikuwa ya baba. Ikiwa alishindwa, aibu ilikuwa yake peke yake.

Baada ya hapo alikwenda Uingereza kusoma kwa Bertrand Russell na G. H. Hardy katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha Ujerumani, katika mji wa Göttingen, kwa bingwa David Hilbert. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914 masomo hayo yalikatizwa, naye akarejea Marekani.

HESABU ZA MIZINGA

Kwa miaka michache Wiener alihangaika akitafuta mahali pa kusimama. Alifundisha, alifanya kazi kiwandani, akaandika makala za kamusi ya elimu. Alitaka sana kuwa askari, lakini macho yake hayakumruhusu. Mwaka 1918 alipata nafasi katika uwanja wa kujaribia mizinga wa Aberdeen, jimbo la Maryland, ambako wataalamu wa hisabati walikusanywa kutayarisha majedwali ya kulengea shabaha. Kila mzinga mpya ulihitaji jedwali lake, na kila jedwali lilihitaji hesabu maelfu kwa maelfu, zilizofanywa kwa mkono na kwa mashine ndogo za kuzungushwa. Kijana Wiener aliifurahia kazi ile, na urafiki wa wenzake, bila kuwa na shaka yoyote juu ya matumizi yake. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana mtu huyu hakuzaliwa mpinzani wa vita.

Vita vilipokwisha alifanya kazi kwa muda mfupi katika gazeti moja la Boston. Humo aliandika juu ya hali ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Lawrence, wengi wao wageni waliokuja Marekani kutafuta riziki. Baadaye alitakiwa kumsifu mtu mmoja aliyekuwa akiwania cheo, na sifa hizo hazikumtoka kalamuni vizuri, akaachishwa kazi. Mwaka huohuo wa 1919 alipata kazi ya kufundisha hisabati katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, na hapo ndipo alipodumu hadi alipostaafu mwaka 1960.

Katika miaka ya 1920 jina lake lilienea kwa utafiti wake juu ya mwendo wa chembe ndogo mno ndani ya maji, zinazosukumwa huku na huku bila utaratibu unaoonekana. Wiener aliupatia mwendo huo hesabu zake kamili, na hadi leo wataalamu huziita kwa jina lake. Mwaka 1926 alimwoa Margaret Engemann, wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 1935 alikwenda China kufundisha katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, akaishi huko hadi mwaka uliofuata. Hitler aliposhika utawala Ujerumani, Wiener alikuwa miongoni mwa wale waliohangaika kuwatafutia kazi Marekani wasomi waliofukuzwa makwao.

KOMPYUTA KABLA YA KOMPYUTA

Mwaka 1940, kabla Marekani haijaingia vitani, Wiener alimwandikia Vannevar Bush, aliyekuwa mkuu wa utafiti wa kivita wa serikali. Alipendekeza itengenezwe mashine ya kufanya hesabu kwa umeme, kwa vali za elektroni badala ya magurudumu ya meno, ikitumia tarakimu mbili tu, na ifanye kazi yake yote mfululizo bila mtu kuiingilia kati. Msomaji wa leo ataitambua mara moja: ni kompyuta. Lakini serikali ilikuwa na haraka ya vita, na pendekezo lile likawekwa kando.

Badala yake Wiener alipewa kazi ya mizinga ya kuangushia ndege. Tatizo lilikuwa hili. Ndege za kivita zilikuwa zimepata kasi kubwa, na risasi ya mzinga huchukua sekunde kadhaa kufika angani. Mpiga mzinga akilenga pale ndege ilipo, risasi itafika wakati ndege imekwisha kuondoka. Yampasa alenge mahali ambapo ndege haijafika bado. Lakini rubani naye hujaribu kukwepa. Basi je, hesabu zinaweza kutabiri mwendo wa mtu anayekwepa?

Wiener na msaidizi wake, mhandisi Julian Bigelow, waliona kwamba rubani na mpiga mzinga wote wawili hufanya jambo moja: hutazama walivyokosea, kisha hurekebisha. Ndivyo afanyavyo mshika usukani wa jahazi. Chombo kikienda kombo kushoto, huuvuta usukani kidogo. Kikizidi kulia, huurudisha. Habari ya kosa humrudia, naye huitumia kulisahihisha. Hicho ndicho kiini cha elimu aliyoijenga Wiener: kwamba mnyama, binadamu na mashine huweza kuongozwa kwa habari inayorudi.

Mwezi Februari 1942 aliandika taarifa ya siri juu ya hesabu za kutabiri. Ilikuwa na jalada la manjano, na ugumu wake ukawa mzaha miongoni mwa wahandisi. Mtambo wenyewe haukufikia kutumika vitani. Lakini hesabu zile zilibaki, zikapita mkono hadi mkono miongoni mwa wale walioruhusiwa kuziona.

AGOSTI 1945

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima, na siku tatu baadaye jingine juu ya Nagasaki. Maelfu kwa maelfu ya watu waliteketea, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Bomu lile lilikuwa kazi ya mikono mingi isiyojuana. Sehemu kubwa ya madini ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ya Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Wachimbaji waliotoa mawe yale ardhini hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Na katika maabara za Marekani wengi walipewa kila mmoja kipande chake cha kazi, wakakatazwa kuuliza kipande cha jirani. Kwa siri ya namna hiyo mtu aweza kushiriki katika jambo kubwa la kutisha huku akiamini kwamba anafanya hesabu tu.

Wiener hakushiriki katika mradi wa bomu. Hata hivyo, habari za Hiroshima zilimwingia kama zimemhusu yeye mwenyewe. Aliona kwamba wataalamu wa atomiki, baada ya kumaliza kazi yao, walinyang'anywa neno la mwisho juu ya kazi hiyo. Waliunda chombo, na watu wengine wakaamua kitupwe wapi na juu ya nani. Tena aliona mbali kuliko wengi. Bomu kubwa likiunganishwa na kombora linalojiongoza lenyewe, na kombora hilo likiongozwa na mashine inayohesabu kwa kasi, basi miji mizima itakuwa shabaha. Na kati ya vitu hivyo vitatu, viwili vilihitaji elimu yake.

BARUA YA KUKATAA

Hivyo ndivyo ilivyomkuta ile barua ya mwishoni mwa mwaka 1946. Katika jibu lake Wiener alikubali kwamba kubadilishana elimu kwa uhuru ni mila njema ya wanasayansi. Lakini alisema kwamba mila hiyo ina mpaka pale mwanasayansi anapogeuzwa kuwa mwamuzi wa uhai na mauti bila kupewa nafasi ya kuamua. Makombora yale, kwa maoni yake, hayakuwa ngao ya raia. Kazi yake ilikuwa kuua raia wa nchi nyingine bila kuchagua. Alitangaza kwamba hataki kuchapisha kazi yoyote mpya ambayo itakuwa na madhara ikishikwa na wapenda vita wasiojali.

Hakujidanganya. Alikiri waziwazi kwamba hakuwa na uwezo wa kuzuia taarifa ile ya zamani. Mwenye kuitaka angeweza kuitafuta serikalini na akaipata. Alijua kwamba kukataa kwake hakutasimamisha kombora hata moja. Alichokataa ni mkono wake mwenyewe kuwa ndio unaotoa.

Mwezi huohuo wa Januari 1947 mkutano mkubwa juu ya mashine za kuhesabu ulifanyika Harvard, ukigharimiwa kwa pamoja na chuo hicho na Jeshi la Majini. Wiener alikuwa amekubali kuhutubia. Alijiondoa, akieleza kwamba uhusiano wa mkutano huo na jeshi haukupatana na msimamo wake mpya. Toka wakati huo hakutaka tena fedha za kivita kwa utafiti wake.

Wapo waliomsifu, Albert Einstein alimuunga mkono hadharani. Wapo pia waliomcheka. Walisema kwamba elimu ni kama maji, ukiziba hapa yatatokea pale. Kwamba Marekani ikiacha kutafiti, maadui hawataacha. Na kwamba msomi kazi yake ni kutafuta ukweli, matumizi ni kazi ya wanasiasa. Mwenzake mkubwa katika fani hiyo, John von Neumann, alishika njia iliyo kinyume kabisa. Huyo alishirikiana na jeshi bila wasiwasi, na kompyuta aliyoisimamia kule Princeton ilifanya hesabu za bomu la haidrojeni. Mhandisi mkuu wa kwanza wa kompyuta hiyo alikuwa Julian Bigelow, yule yule msaidizi wa Wiener, na ni Wiener mwenyewe aliyempendekeza kwa kazi hiyo mwaka 1946. Hapo tunaona jinsi ilivyo vigumu kwa mtu mmoja kuichora mipaka ya wajibu wake; mbegu aliyoipanda katika shamba moja yaweza kuota katika shamba la mwingine.

KUCHAPISHA AU KUNYAMAZA

Swali gumu zaidi lilikuja mwaka 1947, alipokuwa Meksiko na rafiki yake Arturo Rosenblueth, daktari na mtafiti wa mwili wa binadamu. Huko ndiko alikoandika kitabu chake mashuhuri, Cybernetics, kilichotoka mwaka 1948 huko Paris na Marekani. Jina hilo alilichukua katika neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani. Kitabu kilijaa hesabu nzito, hata hivyo kilinunuliwa mno kuliko wachapaji walivyotazamia.

Sasa, mtu aliyetangaza kwamba hatachapisha tena kazi ya hatari, mbona alichapisha kitabu hicho? Na taarifa ile ya jalada la manjano, ambayo alimnyima mtu wa makombora, mbona mwaka 1949 ilitolewa kama kitabu cha kununuliwa na yeyote? Wapo wanaoliona hilo kuwa ni kigeugeu, na si neno la kupuuzwa.

Wiener mwenyewe alilikabili jambo hilo katika utangulizi wa Cybernetics. Alisema kwamba elimu hiyo imekwisha kuwa ya zama zake, na yeye na wenzake hawana uwezo wa kuizuia. Wakinyamaza, itaangukia mikononi mwa watu wachache, tena wale wasiojali kabisa. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba umma mpana unaelewa maana ya elimu hiyo na mwelekeo wake, na kwamba watafiti wenyewe wanachagua kazi zilizo mbali na vita na unyonyaji. Aliongeza kwamba tumaini lake katika njia hiyo lilikuwa dogo sana. Kwa hiyo tofauti aliyoiweka ni kati ya elimu inayopelekwa kimyakimya kwa mwenye silaha, na elimu inayowekwa uwanjani, penye macho ya watu wote. Msomaji aweza kuamua kama tofauti hiyo inatosha.

WAFANYAKAZI NA MASHINE

Si vita peke yake vilivyomtia hofu. Wiener alitambua mapema kwamba mashine inayojiongoza itaingia viwandani na kuchukua kazi za watu. Kampuni moja kubwa ilipotaka ushauri wake juu ya jambo hilo, alikataa. Tarehe 13 Agosti 1949 alimwandikia Walter Reuther, rais wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, mtu asiyemfahamu. Alimweleza kwamba kiwanda bila watu chaweza kuwapo katika muda wa miaka 10 au 20, na kwamba kitaleta ukosefu mkubwa wa kazi. Alimwonyesha njia mbili: ama wafanyakazi waishike elimu hiyo mapema na kudai fungu lao katika faida yake, ama yeye Wiener anyamaze asiwape wenye viwanda wazo lolote. Zilipita siku chache tu kabla Reuther hajamjibu kwa simu ya maandishi, akitaka wazungumze.

Mwaka 1950 Wiener aliyaeleza mawazo hayo kwa lugha nyepesi katika kitabu The Human Use of Human Beings, chenye kuhoji jinsi binadamu anavyopaswa kutumiwa na binadamu mwenzake. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kumfunga mtu kwenye kazi inayorudia tendo moja tangu asubuhi hadi jioni, kana kwamba ni gurudumu, ni kumvunjia heshima. Lakini kumwondoa hapo na kumtupa barabarani bila riziki ni kumvunjia heshima mara ya pili.

Ni haki kusema kwamba utabiri huo haukutimia kwa kasi aliyoitaja. Miaka 20 ilipita, viwanda bado vilikuwa na watu, na balaa alilolihofu halikutokea kwa wakati ule. Lakini mabishano juu ya mashine na kazi hayajakoma tangu wakati huo, na leo yamefika mezani kwa makarani, wafasiri na waandishi.

MTU MWENYE UDHAIFU WAKE

Tusimfanye kuwa malaika. Wiener alikuwa mfupi, mnene, mwenye miwani mizito, na alizurura katika vyumba vya chuo akimsimulia kila aliyemkuta mawazo yake ya siku hiyo. Alihitaji kusifiwa kama mtoto anavyohitaji. Kuna nyakati alizama katika huzuni nzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliukata ghafla urafiki wake na Warren McCulloch na kijana Walter Pitts, wataalamu waliokuwa wenzi wake wa karibu katika utafiti wa ubongo, bila kuwaeleza sababu. Pitts aliyempenda kama baba hakupona jeraha hilo. Kwa hiyo mtu aliyewafundisha walimwengu thamani ya habari inayorudi alishindwa kuwasikiliza marafiki zake mwenyewe.

Msimamo wake ulimletea matatizo pia. Polisi wa upelelezi wa Marekani walimfungulia jalada. Upande wa pili, katika Urusi ya Kisovieti, elimu yake ilishutumiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuwa sayansi ya uongo ya mabepari. Kisha upepo ukageuka. Kitabu chake kikafasiriwa kwa Kirusi mwaka 1958, na alipozuru Moscow mwaka 1960 alipokewa kama shujaa. Aidha alikaa miezi kadhaa India, katika Taasisi ya Takwimu ya Calcutta, kati ya mwaka 1955 na 1956. Na elimu aliyoinyima silaha aliielekeza pia kwa wagonjwa: alishughulika na chombo cha kuwawezesha viziwi kuzihisi sauti kwa vidole, na wazo la mkono wa bandia unaoongozwa na misuli ya mwenye mkono.

ONYO LA MWISHO

Mwezi Mei 1960 jarida la Science lilichapisha makala ya Wiener juu ya madhara ya mashine zinazojifunza. Alisema kwamba mashine yaweza kufuata amri yetu barabara na bado ikatuangamiza, kwa sababu tuliamuru tofauti na tulivyokusudia. Ikiwa inafanya kazi kwa kasi inayotupita, tutakapogundua kosa tutakuwa tumechelewa. Kwa hiyo yatupasa tuwe na hakika kabisa kwamba lengo tuliloliweka ndani yake ndilo lengo tunalolitaka. Arthur Samuel wa kampuni ya IBM, aliyeifundisha kompyuta kucheza drafti, alimjibu katika jarida hilohilo mwaka uleule, akishikilia kwamba mashine haina nia yake yenyewe na haifanyi ila inavyoagizwa. Mjadala huo unaendelea hata sasa.

Mwezi Januari 1964 Rais Lyndon Johnson alimkabidhi Wiener Nishani ya Taifa ya Sayansi. Hazikupita wiki nyingi. Tarehe 18 Machi 1964, akiwa safarini Stockholm, Sweden, Norbert Wiener alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 69. Kitabu chake cha mwisho, God and Golem, Inc., kinachohusu mashine na dini, kilitoka mwaka huohuo na kikapata Tuzo ya Taifa ya Vitabu mwaka 1965.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu kadhaa wa kompyuta nchini Marekani, wakihofia kompyuta kupewa usimamizi wa silaha za nyuklia, waliunda chama cha kutetea wajibu wa fani yao kwa jamii. Chama hicho kilivunjwa mwaka 2013, lakini katika uhai wake kilikuwa na tuzo yenye jina la Norbert Wiener. Wa kwanza kuipokea, mwaka 1987, alikuwa mtaalamu David Parnas. Mwaka 1985 Parnas alijiuzulu katika kamati iliyoishauri serikali juu ya ngao ya angani dhidi ya makombora, na akaeleza hadharani kwamba programu za kompyuta za mradi huo haziwezi kamwe kuaminika.

Barua ya Wiener haikusimamisha kombora, kama yeye mwenyewe alivyojua tangu mwanzo. Makombora yaliundwa, na yapo. Lakini kabla ya barua ile, mtaalamu wa hesabu aliweza kusema kwamba yeye hahusiki, kwa kuwa hesabu hazina damu. Baada yake, kila kijana anayeketi mbele ya kompyuta kuandika programu, au anayepeleka utafiti wake kwa mchapaji, amekwisha kuonyeshwa kwamba swali lipo: kazi hii inakwenda kwa nani, na itamfanyia nini mtu asiyekuwapo hapa kujitetea? Aweza kulijibu atakavyo. Asichoweza ni kudai kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.